Hela Ipo

Jumamosi ya tarehe 22 Novemba 2025 tulikutana hapa Columbus, Ohio, kwenye ukumbi wa kanisa upande wa kaskazini wa jiji: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, sote tunaosema Kiswahili. Niliombwa niseme nusu saa, nikasema karibu saa nzima. Wengi hamkufika kwa sababu ya zamu, na tangu siku hiyo simu yangu haipoi, maana kila aliyekuwepo anasimulia lake. Basi maneno ni haya, kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu wa Bukavu na Uvira, jambo yenu. Na nyie vijana mliokaa karibu na mlango nawaona, najua kwa nini mmekaa hapo. Pilau iko jikoni na haiendi popote.

Mwenyekiti aliponipigia aliniambia, "Dada, zungumza siasa za Marekani, ila usituletee ugomvi wa vyama." Nikamwahidi. Leo sitazungumza vyama, nitazungumza hela. Vyama vikijileta vyenyewe, msinilaumu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Kinondoni, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa 18 ninafanya kazi kwenye nyumba za kulea wazee hapa Ohio. Sikusoma uchumi. Ninachosoma ni sheria za nchi hii, usiku wa zamu, wazee wakishalala, na kalamu nyekundu mkononi. Wenzangu wananicheka. Nawaambia, anayebeba boksi naye ana haki ya kujua ndani ya boksi mna nini.

Nianze na dola mbili.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya kutuma hela, pale kwenye dirisha la kioo lenye tundu dogo chini. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Mkongo. Simtaji, yumo humu ndani. Alikuwa ametoka kazini, kiwanda cha kuku, alama ya kofia ya nailoni bado imekaa kwenye paji la uso. Akatoa bahasha. Ndani yake noti za ishirini ishirini, zimekunjwa mara nne. Analowesha kidole, anahesabu. Analowesha tena, anahesabu tena. Dola 200, za dada yake aliyeko kambi ya Nyarugusu, Kigoma.

Binti wa dirishani akamwambia, "Mama, kuanzia Januari serikali itakata asilimia moja ukileta keshi." Mama akauliza asilimia moja ni ngapi. Dola mbili. Akanyamaza, akaiangalia ile bahasha. Kisha akamwuliza yule binti, "Na hii franga itaendaka wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilikuwa nalo, lakini si jibu la kumpa mtu kwenye foleni. Ndilo nimekuja nalo leo.

Kodi hiyo imo kwenye sheria kubwa aliyoitia saini Rais Trump tarehe 4 Julai mwaka huu. Inaanza tarehe 1 Januari 2026. Sikilizeni vizuri, maana hapa kuna la kuwasaidia. Ukipeleka keshi dirishani, au hundi ile ya kununua, unakatwa. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi iliyotolewa na benki ya hapa, hukatwi. Kwa hiyo mwenye akaunti aitumie, na mwenye kijana anayejua simu amwombe amfundishe leo leo.

Lakini jiulizeni: nani anatuma kwa keshi? Ni daktari? Ni mwenye hoteli? Anayetuma kwa keshi ni yule ambaye benki zinamuogopesha, au makaratasi yake bado, au analipwa mkononi. Yaani katika nchi hii yenye matajiri wasiohesabika, mtu alikaa ofisini Washington akafikiri ni wapi pa kupata hela, akamwona mama wa kiwanda cha kuku.

Sheria hiyo hiyo, kurasa chache mbele, imepunguza kodi, na walio juu kabisa ndio wanaopata fungu nono. Sheria hiyo hiyo imekata Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, na kubana bima nyingine, kiasi kwamba ofisi ya bajeti ya Bunge lenyewe inakadiria watu kama milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ya afya ifikapo 2034. Sheria hiyo hiyo imewatoa kwenye fudi stempu, ule msaada wa chakula, wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani. Wakimbizi! Watu walioletwa hapa na serikali hii hii kwa ndege, wakapokewa uwanjani na mabango ya kuwakaribisha. Na sheria hiyo hiyo imeliongezea jeshi dola bilioni 150.

Mama, franga yako inaendaka huko.

Ndugu zangu, nchi hii haina shida ya hela. Hela ipo. Kila mkisikia mwanasiasa anasema hakuna, muulizeni, hakuna kwa nani? Mwezi uliopita hapa tumeona nini? Serikali ilifungwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 12 Novemba, ilikuwa haijawahi kufungwa muda mrefu hivyo. Ugomvi ulikuwa juu ya ile ruzuku ya bima ya afya ambayo wengi wetu tunaitegemea na ambayo inakwisha mwisho wa mwaka. Watu karibu milioni 42 wanapata fudi stempu nchi hii, na Novemba ilipoingia hela haikuwekwa kwa wakati, ikawa leo mahakama imesema hivi, kesho serikali imekata rufaa. Kazini kwetu tulianza kapu. Kila mtu alete alichonacho. Niliwaona watu wanaolisha wazee wa wengine mchana kutwa wanachukua kopo la maharage kwenye kapu huku wanatazama pembeni.

Na siku zile zile wanajeshi walitafutiwa mshahara ukapatikana, kwenye mafungu ya utafiti. Sina neno nao, mtoto wa jirani yangu ni mwanajeshi na ana watoto wadogo. Mwezi huo huo serikali hii iliipa Argentina mkono wa dola bilioni 20 kuokoa sarafu yake. Bilioni ishirini, serikali ikiwa imefungwa. Ipo au haipo?

(Ukumbi: Ipo!)

Ipo. Sasa twendeni Lima.

Si Lima ya Peru. Ni hii ya kwetu, kaskazini magharibi, saa moja na nusu hivi kwa gari. Wenyewe wanaitamka Laima, ukikosea wanajua wewe mgeni. Mji mdogo, na ndani yake kuna kiwanda ambacho Marekani nzima hakina mwenzake: ndiko vinakotengenezwa vifaru vya kivita, vile vinavyoitwa Abrams. Kiwanda ni mali ya serikali, wanaokiendesha ni kampuni ya General Dynamics.

Mwaka 2012 jeshi lenyewe lilikwenda Bungeni. Narudia, jeshi lenyewe, si wapinga vita, si mimi. Mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Ray Odierno, akawaambia wabunge kwamba vifaru vyake kwa wastani vina umri wa miaka miwili na nusu tu, hali ni nzuri, hivi mnavyotaka kuniongezea sivihitaji. Walitaka kazi isimame miaka michache waokoe kama dola bilioni 3.

Bunge likafanya nini? Likasema hapana, utachukua. Likatenga mamia ya mamilioni ya dola ili vifaru viendelee kutoka.

Mnaliona jambo hili? Mkulima anasema jembe ninalo. Muuzaji anasema utachukua lingine. Na anayelipa ni jirani aliyekuwa amelala.

Nilisema vyama vitajileta. Waliokitetea kile kiwanda walikuwemo mbunge Jim Jordan, Republican asiyetaka serikali itumie hata senti kwa mtu wa chini, na Seneta Sherrod Brown, Democrat, rafiki wa wafanyakazi, ambaye mimi binafsi nilimpigia kampeni mlango kwa mlango. Wanagombana kwa kila kitu. Kwenye kifaru walishikana mikono.

Nilikaa nacho hiki kitu rohoni muda mrefu. Mwaka juzi nikapata safari ya Lima, kumsindikiza bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alipokwenda kwa mwanawe. Huyo mwana ni mstaafu wa kile kiwanda, alikuwa mchomeleaji. Akanikaribisha kahawa, na nilipoipokea nikaona mikono yake: madoa meupe, madogo madogo, kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko, kama mchele uliomwagika. Cheche za miaka 30. Nikamwuliza, hivi hamkusikia jeshi likisema halivitaki? Akacheka. Akasema, "Tulisikia. Lakini wewe niambie, wangefunga, ningekwenda wapi? Kazi nyingine zote zilishaondoka." Akanionyesha dirishani, mtaa mzima, nyumba hii alikaa nani na alikuwa anafanya kazi gani, nyumba ile alikaa nani.

Simlaumu yule baba. Mimi ningekuwa yeye ningesema vilevile. Na kampuni za silaha zinajua, ndiyo maana hazijengi kitu mahali pamoja. Ndege ya kivita ya F-35 vipuri vyake vinatoka majimbo zaidi ya 40. Boliti hapa, waya kule, kiti kwingine. Mbunge akitaka kuipinga anakuta anapinga mishahara ya watu wake mwenyewe. Huo ni ufundi, tena wa hali ya juu kuliko wa kutengeneza ndege.

Tatizo ni kwamba yule baba aliwekewa mbele yake mambo mawili tu: kifaru, au njaa. Nani alisema ni mawili? Wachumi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wamepiga hesabu hii kwa miaka mingi. Dola milioni moja ikienda kwenye elimu au afya inaajiri watu wengi kuliko milioni hiyo hiyo ikienda jeshini. Wala si uchawi. Kifaru kinakula chuma na mashine. Shule inakula mishahara ya walimu, wapishi na madereva wa basi.

Na kingine, niseme haraka kabla sijasahau. Wizara ya Ulinzi ilikaguliwa hesabu zake zote kwa mara ya kwanza mwaka 2018, na mpaka mwaka jana imekaguliwa mara saba. Imefaulu mara ngapi? Hakuna. Mara saba, wakaguzi wameshindwa kuzithibitisha hesabu. Wakati huo huo, sheria ya Julai itawataka watu wazima wengi wa Medicaid, kufikia Januari 2027, wathibitishe kwamba wamefanya kazi, masomo au kujitolea saa 80 kwa mwezi, kwa karatasi, la sivyo wanatolewa. Kazini kwangu kuna dada ana ajira tatu za vipande vipande. Ana saa 80, ana saa 200! Ila karatasi moja iko kwa bosi huyu, nyingine iko kwenye programu ya simu iliyomfungia nje, ya tatu analipwa mkononi. Huyo atashindwa ukaguzi mara moja tu, na biashara imekwisha.

(Hapa mzee mmoja alisema kwa sauti, "Mwizi wa kuku ndiye anayefungwa!" na watu wakacheka sana.)

Sasa nataka niwarudishe mwaka 2021, maana wapo watakaosema dada huyu ni wa kulalamika tu, hajui serikali ikitaka kusaidia inaanzia wapi. Tunajua inaanzia wapi. Tuliiona kwa macho.

Julai mpaka Desemba 2021, katikati ya kila mwezi, hela ya watoto iliingia. Mnakumbuka? Dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, dola 250 kwa mkubwa wake. Hukujaza fomu yenye kurasa kumi, hukupanga foleni. Mwenzangu wa zamu, mama wa watoto watatu, wawili wakiwa wadogo, alikuwa anapata 850. Unajua mwezi wa kwanza alinunua nini? Tairi mbili za mbele. Gari lilikuwa linateleza mvua ikinyesha, na yeye ndiye aliyekuwa akinipa lifti, kwa hiyo nayajua mateleza yale. Wapo waliosema watu wakipewa hela wataacha kazi. Ni kweli, yeye aliacha. Aliacha zamu ya tatu. Akaanza kulala usiku.

Na nchi nzima ikawaje? Ofisi ya Sensa ina kipimo cha umaskini kinachohesabu na msaada wa serikali. Mwaka 2020 watoto maskini walikuwa asilimia 9.7. Mwaka 2021, asilimia 5.2. Haikuwahi kuwa chini hivyo tangu kipimo hicho kianze. Karibu nusu ya umaskini wa watoto iliondoka ndani ya mwaka mmoja! Mwaka 2022 hela ikakatwa. Unajua ilikuwa ngapi? Asilimia 12.4. Zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo mtu asikwambie umaskini ni mapenzi ya Mungu, au ni uvivu, au ni kwa sababu watu wa siku hizi hawasali. Waliuzima kama taa, wakauwasha tena.

Nani aliuwasha? Seneti ilikuwa na watu 100. Republican 50 walikataa, wote. Ilibaki kura moja, ya Joe Manchin wa West Virginia, Democrat, na West Virginia ni jirani yetu hapo, mashariki ya mto Ohio, jimbo lenye dhiki kuliko hili. Tarehe 19 Desemba 2021 akasema kwenye televisheni kwamba hapitishi. Nchi haiwezi kumudu. Kuendelea na mpango ule kungegharimu kama dola bilioni 100 kwa mwaka.

Sasa hesabuni siku. Tarehe 27 Desemba, siku nane baadaye, Rais Biden akatia saini sheria ya jeshi ya mwaka huo. Dola bilioni 768. Bunge lilikuwa limeongeza kama bilioni 25 juu ya kile alichoomba rais mwenyewe. Hawakuombwa! Waliongeza kwa hiari, vyama vyote viwili, na kura zilimiminika. Hakuna mtu aliyeuliza kama nchi inaweza kumudu.

Nimesema siku nane. Yule mwenzangu aliomba zamu ya tatu mwezi Januari.

La mwisho ni la vita yenyewe, na hapa naomba utulivu kidogo, maana humu ndani kuna watu vita wameikimbia kwa miguu na watoto mgongoni. Sitajifanya najua wanachojua.

Mimi ninachokijua ni mshindo mmoja. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu imepita kidogo, nilikuwa uani Kinondoni nasugua sufuria kwa jivu. Mshindo ukaja, kuku wakaruka, sufuria likaniponyoka. Tukasema ni lori la gesi. Baadaye ndipo tukasikia ni ubalozi wa Marekani. Dar tuliwapoteza 11. Nairobi, karibu wakati ule ule, walikufa 213. Wakenya mliopo mnajua habari ya madirisha. Kulitangulia mlipuko mdogo, watu maofisini wakasogelea vioo kuchungulia kuna nini. Wakiwa pale pale madirishani, bomu lenyewe likalipuka. Ndiyo maana wapo Wakenya wengi sana wasioona leo.

Kati ya wale wa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Ugomvi haukuwa wetu, misiba ndiyo ilikuwa yetu. Na mwaka 2020 Sudan, iliyoshitakiwa kwa kuwahifadhi waliolipua, ilipokubali kulipa fidia ya dola milioni 335, ilikuwa kwa ajili ya wahanga wa Kimarekani na wafanyakazi wa balozi zao. Muuza magazeti aliyekuwa anapita njia hakuwemo.

Nawakumbusha haya kwa sababu miaka mitatu baadaye watu wale wale, al-Qaida, walipiga New York na Washington, na safari hii Marekani ikajibu. Tarehe 14 Septemba 2001 Bunge lilipiga kura kumpa rais ruhusa ya kutumia jeshi. Ruhusa yenyewe, ile sehemu yenye nguvu, ina maneno 60 ya Kiingereza. Nimeyahesabu kwa kalamu nyekundu. Haitaji nchi. Haina tarehe ya mwisho.

Seneti walikubali 98 kwa sifuri. Baraza la Wawakilishi, 420 kwa mmoja.

Huyo mmoja ni mama. Barbara Lee, wakati huo mbunge wa Oakland, California. Siku ile alikuwa kanisani Washington kwenye ibada ya kuwaombea waliokufa, akamsikia mchungaji akiomba kwamba katika kutenda kwetu tusije tukawa ule uovu tunaouchukia. Akatoka na maneno hayo mpaka Bungeni, akasimama, sauti inamtetemeka, akayarudia. Akasema tusubiri kidogo, tufikiri. Akapiga kura yake ya hapana. Baada ya hapo vitisho vya kuuawa vilimjaa mpaka akapewa polisi wa kumlinda. Kumbukeni, si kwamba alitetea magaidi. Alisema karatasi hii haina mwisho.

Alikosea? Ruhusa ile imetumika na marais wa vyama vyote viwili, nchi moja baada ya nyingine, mpaka Somalia. Somalia, ndugu zangu, kwao hawa majirani zetu wa hapa Columbus tunaonunua kwao nyama ya mbuzi. Tarehe 1 Aprili 2018 ndege za Marekani zilipiga huko zikaua mama na mtoto wake wa miaka minne. Mwaka uliofuata jeshi likakiri kwamba hao wawili hawakuwa wapiganaji. Wabunge waliopiga kura mwaka 2001 walikuwa wanamfikiria mtoto huyo? Alikuwa hata hajazaliwa. Hata mama yake alikuwa mtoto mdogo.

Chuo Kikuu cha Brown wana watu wanaohesabu gharama za vita hivi vyote tangu 2001. Walipofikisha miaka 20 walipata dola trilioni 8. Trilioni siwezi kuwaelezea. Ningeweza kuwaambia ile hela ya watoto ingelipwa miaka mingapi, lakini pigeni wenyewe hiyo hesabu, bilioni 100 kwa mwaka, mtaona mnafikia miaka 80.

Na sasa hata kura ya kuruhusu vita hawapigi. Katiba inasema Bunge ndilo linalotangaza vita, na mara ya mwisho lilitangaza mwaka 1942. Juni mwaka huu tumeipiga Iran, hakuna kura. Tangu Septemba boti zinapigwa kwenye bahari ya Karibi, watu wanakufa, tunaambiwa ni wauza dawa, hakuna mahakama, hakuna kura. Mwezi huo huo wa Septemba rais akaagiza Wizara ya Ulinzi iitwe pia Wizara ya Vita. Angalau jina sasa halidanganyi.

Mtaniuliza, dada, tufanye nini. Wenye uraia, mezani pale mlangoni kuna fomu za kujiandikisha kupiga kura. Uchaguzi wa Bunge ni tarehe 3 Novemba 2026, na Ohio inataka uwe umejiandikisha siku 30 kabla, msije siku hiyo mkanipigia simu mnalia. Ambao hamjapata uraia, tafadhali sana, msiguse fomu ile hata mtu akiwaambia haina shida. Ina shida, inaweza kuwafukuzisha nchini. Lakini hakuna sheria inayokukataza kwenda kwenye kikao cha mbunge ukamwuliza dola zako mbili zimekwenda wapi. Kodi unalipa. Wengine humu, kwa asilimia ya mapato, mnalipa kodi kuliko baadhi ya mabilionea, na sifanyi utani.

Nilitaka kuishia hapo. Mwenyekiti akaruhusu swali moja, na nimeombwa niliandike, kwa hiyo naliandika.

Alisimama kijana wa pale nyuma, Mrundi, mrefu, mpole. Akasema, "Anti, mimi nimemaliza chuo cha kuchomelea mwezi wa tisa. Wiki ijayo nina usaili kwenye kiwanda kinachotengeneza vitu vya jeshi. Nimekusikiliza vizuri. Niende, au nisiende?"

Ukumbi ukawa kimya. Nikamwuliza, wanalipa ngapi?

"Thelathini na moja kwa saa. Na bima."

Watu wakaguna. Mimi nikasimama pale na karatasi zangu. Miaka 18 nainua wazee, nawaosha, nawafumba macho wakifa. Nalipwa 19.

Nikamwambia, nenda mwanangu. Halafu nikakaa.